Maua-Nanasi ya Moffat Theuri

Nilipoolewa Naro Moru, mwaka uliofuata Uhuru, Moffat Theuri alikuwa tayari mtu wa kutajwa. Shamba lake na letu yalipakana kwenye skimu, shamba la zamani la Mzungu lililogawiwa wananchi, ua wa michongoma tu katikati, lakini jina lake nililisikia kabla sijauona uso wake. Wageni waliokuja kupanda Mlima Kenya walishuka kwenye gari pale madukani wakiulizia kwanza chai, kisha Moffat.

Alikuwa mpagazi. Mtu mrefu, mwembamba, mpole wa maneno. Wenzake walibeba mizigo ya wageni mabegani, yeye aliibeba kwa ukanda wa ngozi uliopita kwenye paji la uso, jinsi mama zetu wanavyobeba kuni. Wanaume walimcheka kwa hilo. Yeye alisema ni mama yake aliyemfundisha kubeba, na kwamba mikono yake inabaki huru kushika mwamba. Alipanda na kushuka mlima ule kama mtu anayekwenda kisimani.

Mkewe, Kagure, alikuwa kinyume chake: mfupi, mwenye sauti ya kusikika shamba la tatu, na mkulima hodari. Viazi vyake ndivyo vilivyokuwa vikubwa kuliko vyetu sote. Walikuwa na binti mmoja, Ngendo, ambaye wakati huo alikuwa shule ya bweni.

Mwezi wa nane wa mwaka wa sitini na tano, shule zilipofungwa, alikuja mwalimu mmoja kutoka Nyeri aitwaye Seth. Hakuwa Mzungu wala hakuwa Mkenya. Kwao kulikuwa Basutoland, nchi ya milima huko kusini kabisa mwa Afrika, na alikuwa akifundisha hesabu katika shule ya sekondari. Alimwambia Moffat kwamba amekulia kwenye theluji akichunga mbuzi, na anataka kuona kama huu wetu ni mlima kweli. Moffat alipendezwa na maneno hayo. Wakapanda wawili tu.

Yaliyotokea huko juu tulisimuliwa na Seth mwenyewe, maana Moffat hakuwa mtu wa kujisimulia. Walikuwa wamekaribia miamba ya kileleni theluji ilipoanza kuanguka mchana kweupe. Seth akakanyaga kidimbwi kilichofunikwa na barafu nyembamba, akazama hadi magotini. Moffat akamketisha juu ya jiwe, akamvua buti na soksi zilizolowa, akamvisha zake kavu, kisha yeye akavaa zile za maji. Seth alikataa. Moffat akamwambia kwamba miguu yake inajuana na mlima, asipoteze muda. Baadaye Seth akaanza kuumwa kichwa na kupumua kwa shida, kama wanavyopatwa wengi huko juu, na dawa ya ugonjwa ule ni moja tu, kumshusha mtu upesi. Moffat akamshusha. Mara alimshika mkono, mara alimbeba mgongoni kwa ule ukanda wake. Walipofika kituo cha chini Seth alikuwa akipumua vizuri na hata ameomba chai. Moffat akavua zile buti za maji. Vidole vilikuwa vyeusi kama makaa, akivifinya hasikii kitu.

Katika hospitali ya Nyeri walimkata vidole vyote vya mguu wa kushoto na baadhi ya vidole vya kulia. Walifanya vizuri, vidonda vikapona. Lakini mtu asiyekuwa na vidole vya miguu hupoteza kitu ambacho sisi tulio navyo hatukijui. Akiinama mbele anaanguka. Akibeba mzigo, mzigo unamsukuma unakotaka wenyewe. Moffat alirudi nyumbani na fimbo, na kazi yake ikawa imekwisha.

Aliketi. Alikuwa na kigoda mlangoni, na siku ya kwanza tulipokwenda kumpa pole tuliona amekigeuza ili mlima uwe nyuma yake. Tulipeleka unga, ndizi na sukari, tukaimba wimbo wa kanisani, tukaomba. Alitushukuru kila mmoja kwa jina. Kisha alinyamaza, na kunyamaza kule kukadumu. Kagure alilima peke yake, akakamua peke yake, akapeleka maziwa peke yake. Siku moja tulikutana kwenye michongoma akaniambia, "Mama Muriithi, kama angekuwa analalamika ningejua la kumjibu. Sasa mtu amenyamaza, utamshika wapi?"

Seth alikuwa amemtembelea hospitalini mara nyingi, na hata baada ya hapo alikuja Naro Moru kila alipopata nafasi. Waliketi pamoja bila mazungumzo mengi. Kisha baba yake Seth akafariki, naye akasafiri kwenda kwao kuzika. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwa Moffat, mkononi ana kofia ya sufi iliyofungwa mdomo kwa uzi. Nilikuwa pale, nimekwenda kuazima jembe uma. Akaifungua kofia juu ya meza. Ndani mlikuwa na vitu kama vitunguu vikubwa, vyenye ngozi ya kahawia na mizizi mikavu kama ndevu.

"Mzee Moffat," akasema, "haya ni maua. Kwetu yanamea kwenye mteremko wa mlima. Baridi ikija majani yanakufa yote, theluji inafunika, watu wanapita juu hawajui kama kuna kitu. Mvua ikirudi, yanatoka."

Moffat aliokota tunguu moja akaligeuzageuza. "Yanatokaje na yamekufa?"

"Hayakufa. Yako chini yamejifunga. Lakini lazima uyazike kwa kina."

Akatueleza jinsi yanavyochanua: bua moja nene, limezungukwa na maua madogo kuanzia chini hadi juu, na juu kabisa kishungi cha majani, kama nanasi hasa. Kagure akacheka, akasema nanasi ameliona soko la Karatina, limetoka mbali kwenye joto, na kwamba nanasi likipandwa Naro Moru litaomba blanketi. Moffat hakucheka, lakini jioni ile alitoka nje na jembe. Tangu atoke hospitali ilikuwa mara ya kwanza kushika jembe.

Aliyapanda vibaya. Aliyaweka kando ya mfereji, kwenye udongo mweusi, laini, mahali Kagure alipopanda kabichi, na aliyafukia juujuu kama mtu anavyopanda vitunguu vya kula. Alifikiri anayatendea mema kuyaweka karibu na maji. Mvua ndefu ilipokuja mfereji ukajaa, udongo ule ukageuka uji. Alipoona hakuna kinachotoka, alichimbua. Vidole vyake viliingia ndani ya tunguu la kwanza kama ndani ya parachichi lililooza. La pili hivyo hivyo. Machache tu, yale yaliyokuwa mbali kidogo na mfereji, ndiyo yaliyochipua, yakatoa majani mapana yenye kingo za mawimbi. Hayakutoa ua. Moffat aliyapalilia mwaka mzima.

Ikafika Januari. Asiyeishi upande wetu hudhani Januari ni mwezi wa joto, na mchana ni kweli jua linachoma. Lakini mbingu ikikaa wazi usiku kucha bila wingu, alfajiri utakuta umande umeganda, nyasi ni nyeupe, na viazi vimeungua kama vimemwagiwa maji ya moto. Asubuhi moja majani ya Moffat yalikuwa hivyo. Yalilala chini, meusi, yanateleza kama mchicha uliopikwa. Kagure alinieleza baadaye kwamba alipomwona mumewe amesimama pale alijua moyoni kwamba sasa mtu huyu ataketi na hatainuka tena.

Badala yake Moffat alikasirika. Alipiga udongo kwa fimbo. Akasema kwa sauti, kana kwamba anabishana na mtu, "Nimekuwa mjinga. Nimeyalaza mahali ambapo mimi mwenyewe nisingelala."

Ndipo akatuonyesha jambo ambalo tuliishi nalo bila kuliona. Baridi hutembea, alisema. Huteremka usiku kama maji na kutuama mahali pa chini. Mpagazi yeyote mwenye akili hapigi hema kwenye sakafu ya bonde, hata kama ni pazuri na tambarare. Hulala juu kidogo, mteremkoni, mgongo kwenye mwamba, kwa sababu mwamba huhifadhi jua la mchana. Akatupeleka mimi na Kagure kwenye shamba lao kabla jua halijatoka. Na kweli, huko chini kando ya mfereji nyasi zilikuwa nyeupe, na ukipanda mteremko ulifika mahali weupe unakoma ghafula, kama mtu amechora mstari kwa chaki. Juu ya mstari ule nyasi zilikuwa kijani. Nilikuwa nimeishi pale miaka kadhaa nikiomboleza viazi vyangu kila Januari, na sikuwahi kuuona mstari ule.

Juu ya mstari palikuwa na mawe makubwa ambayo hata trekta la mwenye shamba wa zamani lilikuwa limeyaacha. Moffat akachagua pale. Lakini udongo wa pale ulikuwa mzito, na alikuwa amekwisha jifunza kwamba matunguu yale huogopa kulowa kuliko yanavyoogopa baridi. Yalihitaji mchanga na kokoto, na mchanga ulikuwa mtoni.

Siku ya kwanza alikwenda mtoni na gunia dogo. Tulikuwa tunavuna viazi, mimi nikimsaidia Kagure, tukamwona anapanda kutoka mtoni, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso, fimbo mkononi, anayumba. Katikati ya njia mzigo ukamvuta, akaanguka kwa magoti, mchanga ukamwagika wote. Nilitupa kikapu nikataka kukimbia. Kagure akanishika mkono, akanishika kwa nguvu hasa.

"Muache," akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini hakuniachilia.

Moffat alikaa pale chini kwa muda. Kisha akazoa mchanga kwa viganja, akaurudisha kwenye gunia, si wote, akajifunga tena ukanda, akasimama. Kesho yake alikwenda tena. Alijifunza kukanyaga kwa visigino, na kupanda kwa upande kama anavyopanda ng'ombe. Kabla mvua hazijaanza alikuwa anabeba gunia lililojaa. Alijenga tuta refu lililoinuka kutoka ardhini, akalizungushia mawe, akachanganya mchanga, kokoto na samadi iliyooza vizuri. Matunguu yaliyobaki akayaweka chini sana, kina cha mkono kutoka vidoleni hadi kifundo, akayafunika. Nikagundua kwamba mtu akifanya kazi kwenye tuta lile anakuwa ameelekea mlima, na kwamba Moffat sasa alifanya kazi hapo kutwa.

Mvua zikaja. Yakatoka majani, mazito kuliko ya kwanza. Na katika miezi ile ya ukungu, ya sita na ya saba, tunapokaa na makoti ndani ya nyumba na jua tunalisahau, yakatoka mabua.

Nimeona maua mengi maishani. Padri wetu alikuwa na waridi, na wake wa maofisa kule Nyeri walipanda kila aina ya rangi. Lakini ua lile lilinisimamisha. Bua lilikuwa na madoadoa ya zambarau kama yai la kware. Maua yalianza kufunguka chini, nyota ndogo za kijani cheupe zenye ukingo wa zambarau, zikapanda siku baada ya siku kuzunguka bua, kana kwamba zina safari. Na juu kabisa, kishungi cha majani, kimesimama wima kwenye ukungu. Hakikuwa na haraka ya kunyauka. Waridi za padri zilimwagika kwa mvua moja; haya yalisimama wiki nyingi, yakilowa na kukauka, bila kupoteza sura.

Watu walianza kuja. Kwanza majirani, kisha wanawake wa kanisa, kisha watu wa madukani. Ukiinama karibu sana, ua lilinuka, harufu kama ya nyama iliyosahaulika, na nzi walilipenda. Kagure alikuwa akiwaonya wageni kwamba hili ni kama mashemeji fulani, lafaa kupendwa kutoka barabarani.

Mzee mmoja, Mutahi, aliyekuwa amestaafu kazi ya reli, alikuja kila wiki. Hakusema sababu. Alitazama, akahesabu mabua kwa kidole, akaenda. Kumbe alikuwa akingoja yaive. Alikuwa amewahi kula nanasi mara moja Thika akiwa kijana, na hakutaka kuchelewa. Alipoona mwezi umekwisha na hakuna anayevuna, alikata kichwa kimoja alasiri moja wakati Moffat yuko mtoni, akakificha ndani ya koti. Jioni alirudi mwenyewe, ulimi umevimba, macho yanatoka maji, mkononi ameshika lile ua lililotafunwa. Aliweka ua mezani mbele ya Moffat na kusema kwa shida kwamba hajawahi kuonja kitu kichungu hivyo, hata kwinini.

Moffat alimtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika, na sauti ikatoka, akacheka mpaka akashika ukuta. Kagure, aliyekuwa akimtafutia Mutahi maziwa, alisimama na kikombe mkononi akamsikiliza mumewe akicheka. Hakuna aliyekuwa amesikia sauti ile tangu hospitali.

Mwaka uliofuata, maua yakiwa yamekaribia kutoa mabua, ilikuja mvua ya mawe. Sisi tumezoea mvua ya mawe, lakini ile iliua kuku na kutoboa mabati ya shule. Ilipokoma nilikwenda kuangalia jirani zangu. Viazi vya Kagure vilikuwa vimepondwa. Tuta la Moffat lilikuwa kama limekatwakatwa kwa panga, vipande vya majani vimetapakaa juu ya barafu. Moffat alikuwa akiokota vipande akivitupa.

Kagure alikuwa ameinama upande mwingine, naye anaokota, lakini yeye aliweka kwenye karai.

"Unapeleka wapi?" Moffat akamuuliza.

"Napanda."

"Majani?"

"Nepia ya ng'ombe tunakata tunachomeka. Viazi vitamu tunakata tunachomeka. Hii nayo nani alisema haiwezi?"

Moffat akasema kwamba Mwalimu hakuwaambia lolote kuhusu majani. Kagure akajibu kwamba Mwalimu anafundisha hesabu, na yeye amelima tangu azaliwe. Akaketi jikoni, akakata majani mazima mazima vipande vya upana wa vidole vitatu, akavichomeka kwenye karai la mchanga mbichi. Alichomeka vingine kichwa chini bila kujua, na hivyo vilioza. Vingine alivichomeka sawasawa, upande uliokuwa karibu na shina ukiwa chini. Karai akaliweka nje, kwenye ukuta wa jiko upande ambao moto ulikaa, akawa anaunyunyizia mchanga maji kidogo kila alipoosha vyombo.

Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Vipande vilisimama tu, vinakauka kwa juu. Mimi nilikuwa nimeshasahau. Siku moja nilipokuwa nampelekea Kagure miche ya kabichi, akavuta kipande kimoja ili akitupe, kikakataa. Akavuta tena. Kikatoka, na chini yake, pale kilipokatwa, palikuwa na matunguu madogo, meupe, yamepangana kama meno ya mtoto yanapoanza.

Hakupiga kelele, yeye mwenye sauti ile. Alikwenda taratibu hadi kwenye tuta akaweka kipande kile kwenye kiganja cha mumewe.

Moffat aliyagusa yale matunguu moja moja. Tangu nihamie pale nilikuwa nimemsikia akimwita Mama Ngendo, kama desturi. Siku hiyo alisema, "Kagure." Akarudia, "Kagure." Kisha wakainama wote wawili juu ya kile kiganja, na mimi nikaona ni wakati wa kwenda nyumbani.

Yalichukua misimu mingi mpaka yale madogo yakawa makubwa ya kutoa ua, lakini walikuwa na subira, na kila mwaka walichomeka mengine. Tuta la kwanza likazaa la pili, la pili likazaa la tatu, yote juu ya mstari wa baridi. Wakati wa jua kali na umande wa kuganda, majani yakishakufa, Moffat aliyafunika kwa mabua makavu ya ngano na hakuyapa tone la maji hadi mvua zirudi. Wapagazi vijana waliopita kwenda mlimani walizoea kusimama pale, na akawaeleza wapi pa kulala na wapi baridi inatuama. Nasi majirani tulihamisha viazi vyetu juu ya mstari, kila mtu katika shamba lake.

Seth alikuja kuaga mwaka wa sitini na tisa. Nchi yake ilikuwa imepata uhuru nayo sasa inaitwa Lesotho, wakamwita akafundishe nyumbani. Ilikuwa mwezi wa saba, maua ya tuta la kwanza yamesimama ndani ya ukungu. Alivua kofia. Alitembea kutoka mwanzo wa tuta hadi mwisho wake na kurudi, akigusa vishungi kwa ncha za vidole, akisema maneno ya kwao ambayo hatukuyaelewa. Moffat alimfuata nyuma kwa fimbo yake. Nilidhani watazungumza mambo mazito, lakini Moffat alimwambia tu, "Mwalimu, hukutuambia kwamba majani yake yanapandwa. Mke wangu amekushinda." Seth akamgeukia Kagure akampa mkono kwa mikono miwili, akamwomba amfundishe, maana kwao hajawahi kuona mtu akifanya hivyo. Wakaenda wote jikoni kwenye karai, nami nikachemsha chai.

Miaka michache baadaye Ngendo, aliyekuwa sasa anafanya kazi Nyeri na kuishi Gatitu, aliwashawishi wazazi wake wapeleke maua kwenye maonyesho ya kilimo. Tulikwenda pamoja, matunguu yenye maua yamepandwa kwenye madebe. Waamuzi walikuwa watu wema, lakini hawakujua wayaweke wapi. Palikuwa na meza ya waridi, meza ya maua ya kanesheni, meza ya matunda. Mmoja alitaka kuyapeleka kwenye matunda. Mwishoni yaliwekwa peke yake karibu na mlango, na hayakupata tuzo, kwa sababu hapakuwa na tuzo ya kitu kama kile. Lakini mlangoni pale watu walijaa mpaka waliotaka kuona waridi walishindwa kupita. Moffat alivaa tai siku hiyo. Alisimama wima kutwa nzima juu ya visigino vyake, akijibu kila swali, la mtoto na la ofisa, kwa adabu ileile.

Katika watu wale alikuwamo mama mmoja mfanyabiashara wa nyanya kutoka Kagio, jina lake Murugi. Alitaka tunguu kwa hali yoyote. Moffat alimpa, akamwonya kwamba kule kwao hakuna baridi ya kuyalaza, kwa hiyo itabidi ayanyime maji mwenyewe miezi ya jua ili yapumzike, na kwamba adui yake ni tope la mfereji. Murugi alimsikiliza vizuri mpaka alipotaja umande unaoganda. Hapo akamkatiza. Alisema amezaliwa akiuona mlima kila asubuhi, mweupe juu kabisa, lakini kwamba nyasi za shambani mwa mtu zinaweza kuwa nyeupe vile, hilo hawezi kulisadiki.

"Njoo Januari," Moffat akamwambia. "Utalala kwetu."

Sisi tulidhani ni maneno ya maonyesho tu. Lakini Januari ilipofika, Murugi alikuja, na kikapu cha nyanya na binti yake mdogo mgongoni. Kagure alimtandikia kitanda cha Ngendo. Usiku ulikuwa mtupu wa mawingu, na alfajiri Moffat aligonga mlango wao, akagonga na wangu.

Tulishuka hadi chini ya mstari. Shamba lote la chini lilikuwa jeupe, na kila tulipokanyaga nyasi zilikatika kwa mlio mdogo. Murugi alijifunika leso mbili. Aliinama akavunja jani moja lililoganda, akalitazama kwenye mwanga, akaligusa kwa ncha ya ulimi, kisha akampa mtoto naye aonje. Mtoto alikunja uso, akataka jingine.

Moffat alikuwa amekwisha panda juu kwenye matuta. Huko weupe haukufika, lakini majani ya maua yalikuwa yameanza kugeuka manjano na kulala, kama kila mwaka. Alikuwa akitandaza mabua ya ngano juu yake, kwa mkono mmoja, fimbo kwa mwingine, na jua lilikuwa linatokea nyuma ya mlima mbele yake. Kagure aliita kutoka jikoni kwamba uji unapoa. Murugi akambeba mtoto, akapanda kumsaidia Moffat kumaliza tuta la mwisho, na Kagure akaita mara ya pili.